STENDI MBOVU IKIANGUKA, MPIGA NGOMA ALIPE? HATUKUBALI!

Ndugu wanachama,

Maneno haya twayaandika sisi wa gangi ya njia, tunaopiga bendi ya tawi jioni baada ya kazi. Hatuandiki kwa hasira. Tumengoja wiki tatu ili hasira ipoe, nayo imepoa. Lakini deni halikupoa. Kamati ya tawi imekata shauri kwamba maiki iliyovunjika Hadado italipwa na watu watatu: mpiga ngoma, mpiga gitaa, na kijana wetu wa kubeba vyombo. Kila mtu shilingi 5,000, nazo zitakatwa kidogo kidogo katika posho ya bendi mpaka ziishe.

Twasema hapana. Na sababu zetu tutazieleza kwa hesabu, si kwa kelele, ili kila mwanachama apime mwenyewe.

HABARI ILIVYOKUWA

Wengi mmesikia habari hii nusu nusu, basi isikieni nzima.

Hadado iko Wajir, upande wa magharibi. Reli haijafika huko. Mpango wa LAPSSET uliozinduliwa Lamu mwezi wa Machi 2012 ulitaja reli ya kutoka Lamu kupita Garissa mpaka Isiolo, lakini hata taruma moja halijalazwa. Basi sisi watu wa reli tulikwendaje mahali pasipo na reli? Tulikwenda kwa sababu mzee wetu mmoja wa gangi, mzaliwa wa Hadado, alipostaafu alirudi kwao. Huko akawaona walimu, wahudumu wa zahanati, walinzi wa mashine ya kisima na wapakiaji wa malori, kila mmoja analia peke yake. Akatuma neno: njoni na bendi, kwa maana watu wakija kwa ngoma watakaa na kusikia maneno ya umoja. Kamati ikakubali na ikatoa nauli. Hilo ni jambo jema, na kwa hilo twaisifu kamati.

Tulipanda basi kupita Garissa, Modogashe na Habaswein mpaka Wajir, na kutoka hapo tukachukua lori. Tulikuwa na maiki tatu na stendi mbili. (Hapa hatusemi stendi ya basi. Twasema kile chuma cha kusimamishia maiki.) Stendi ya kwanza ilikuwa nzito, ya nguzo moja na kitako cha chuma cha mviringo. Hiyo ni ya msemaji. Ya pili ilikuwa ya miguu mitatu yenye mkono wa kunyoosha mbele. Hii ilinunuliwa kwa shilingi 1,800, nasi tukaambiwa, "Hii itatosha vyombo vyote."

Mkutano ulianza baada ya swala ya Alasiri, jua lilipopungua. Wasemaji wakasema, stendi nzito ikasimama kama nguzo ya simu. Kisha ikafika zamu ya wenyeji. Kulikuwa na mzee mmoja mpiga udi, ule ambao Wasomali huuita kaban. Kulikuwa pia na kina mama waliokuja na ngoma yao, durbaan, waimbe buraanbur, yaani mashairi ya wanawake. Yule mzee hakai kitini, hukaa mkekani. Kwa hiyo tulishusha ile stendi ya miguu mitatu, tukanyoosha mkono wake wote mpaka maiki ikafika mbele ya udi.

Mzee hajamaliza hata wimbo wa kwanza, upepo ukavuma. Mguu mmoja ukazama mchangani. Stendi ikainama polepole kama mtu mwenye usingizi, kisha ikaanguka. Maiki ikapiga pipa la maji, kichwa chake kikabonyea na ndani kikakatika. Ilipita shubiri moja tu kutoka kwenye udi wa mzee. Kama udi ule ungevunjika, ndugu zetu, tungelipa nini? Ni chombo alichopiga tangu ujana wake.

Mzee aliendelea kupiga bila maiki, lakini udi si tarumbeta. Watu wa safu tatu za mbele walisikia. Watu wa nyuma, waliotoka mbali kwa miguu, waliona vidole vikitembea na hawakusikia kitu. Wakaanza kuinuka mmoja mmoja. Wakati ndugu yetu aliposimama kueleza namna ya kuandikisha chama, nusu ya watu walikuwa wamekwenda zao. Hasara kubwa ya siku ile ilikuwa hiyo, na kamati haikuitaja hata kwa neno moja katika barua yake.

Sasa sikilizeni lililofuata. Utingo wa lile lori, kijana wa pale pale, alitutazama akacheka. Akachukua magunia mawili madogo ya mchele, akayajaza mchanga, akayafunga midomo, akayalaza juu ya miguu ya stendi karibu na nguzo. Mzee wetu akaigeuza stendi, mguu mmoja ukaelekea kule mkono ulikonyooka. Tukafunga maiki ya akiba. Kina mama wakaimba mpaka usiku, ngoma ikasikika mpaka kisimani, na stendi haikutikisika. Mikono iliyoifunga ilikuwa ile ile, stendi ilikuwa ile ile, na upepo ulikuwa ule ule. Kilichozidi ni mchanga na maarifa, na vyote viwili havikuuzwa.

MANENO YA KAMATI NA MAJIBU YETU

Neno la kwanza la kamati: "Wapigaji walikuwa wazembe."

Tuanze kwa kukubali tulipokosa, kwa maana mtu asiyekubali kosa lake haaminiwi hata akisema kweli. Tulikosa. Tuliuweka mkono wa stendi katikati ya miguu miwili badala ya kuuweka juu ya mguu mmoja. Lakini tuulizeni: nani alitufundisha? Stendi ilitoka dukani ikaingia kwenye gunia, ikatoka kwenye gunia ikaingia mchangani. Hakuna aliyetuonyesha lolote.

Sasa njooni kwenye hesabu. Sisi tunaoinua reli kwa mtaimbo twajua kwamba uzito mdogo uliokaa mbali hushinda uzito mkubwa uliokaa karibu. Ile stendi bila mkono wake ni kilo moja na nusu. Mkono wake ni gramu 300. Maiki ya kawaida ya kushika nayo ni karibu gramu 300. Kila mguu umetoka sentimita 30 kutoka kwenye nguzo. Maiki ilikuwa sentimita 75 mbele ya nguzo, na uzito wa mkono ulikaa sentimita 30 mbele.

Mkono ukipita katikati ya miguu miwili, stendi haipindukii kwenye ncha ya mguu. Hupindukia kwenye mstari unaounganisha ncha mbili, na mstari huo uko sentimita 15 tu kutoka kwenye nguzo. Basi pigeni hesabu. Maiki imepita mstari kwa sentimita 60: gramu 300 mara 60 ni 18,000. Mkono umepita kwa sentimita 15: gramu 300 mara 15 ni 4,500. Jumla ya kupindua ni 22,500. Na upande wa kusimamisha? Gramu 1,500 mara 15 ni 22,500. Zimelingana sawasawa! Stendi ile ilikuwa imesimama kwa huruma tu. Nzi akitua juu ya maiki, inakwenda.

Geuzeni sasa, mkono ukae juu ya mguu mmoja. Nguvu ya kupindua inakuwa chini ya theluthi moja ya nguvu ya kusimamisha. Ongezeni kilo tano za mchanga karibu na nguzo, na hata ule mkao mbaya wa kwanza unakuwa salama mara nne na zaidi, bila kununua kitu.

Kwa hiyo kosa letu ni la kutojua, na kosa la mnunuzi ni la kununua chuma chepesi akakipa kazi nzito. Makosa ni mawili. Kwa nini bili ni moja, tena imekwenda kwa wale wasioshika mfuko?

Neno la pili: "Mchagua jembe si mkulima."

Methali hii tunaijua, na shambani ni ya kweli. Lakini mkulima aliyeambiwa asichague jembe hakupewa jembe lisilo na mpini. Ni hatari mtu wa reli kusema maneno haya. Je, mwajiri akitupa jeki iliyopasuka, akasema mchagua jeki si fundi, tutanyamaza? Mtu wa gangi akipewa spana iliyolegea ikamteleza, bolti ikaharibika, tutakubali akatwe mshahara? Tawi hili limeandika barua ngapi kudai glavu, viatu na vyombo vizima? Tukisimama mbele ya mwajiri twasema chombo kibovu ni kosa la mwenye chombo. Tukirudi ofisini kwetu twasema chombo kibovu ni kosa la mwenye mkono. Haki gani hiyo inayogeuka ikivuka mlango?

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inamruhusu mwajiri kukata katika mshahara kiasi cha haki kwa ajili ya mali iliyoharibika, lakini mali hiyo iwe imeharibika kwa kosa la kusudi la mfanya kazi. La kusudi! Twajua bendi si ajira, nasi hatukuajiriwa na chama kupiga ngoma. Lakini chama cha wafanya kazi kitakuwaje kikali kuliko sheria inayomfunga mwajiri? Mwajiri asingeweza kutukata kwa upepo wa Wajir. Chama chetu wenyewe kinaweza? Kikulacho ki nguoni mwako.

Neno la tatu: "Fedha ni kidogo, msemaji kwanza."

Hapa ndipo penye kiini cha mambo. Angalieni mali ya tawi lenu. Stendi ya msemaji ni nzito, ya bei nzuri, imefungwa kitambaa. Stendi ya vyombo ni ile ya 1,800, na hiyo moja iwatosheleze gitaa, udi, ngoma na tarumbeta. Mwenye maneno amejengewa juu ya mwamba, mwenye ngoma amejengewa juu ya mchanga. Hata sisi tuliosoma darasa chache za misheni twakumbuka mwisho wa nyumba ile ya mchangani.

Hatusemi msemaji asipewe. Twasema msemaji anasikilizwa na watu walioletwa na ngoma. Januari 1947 wafanya kazi wa Mombasa, wa bandari na wa reli, waligoma kwa maelfu, nao walikuwa wakikutana uwanjani, mahali palipoitwa Kiwanja cha Maskini. Mkutano wa wafanya kazi ni masikio kabla ya kuwa mikono. Ukiwapoteza masikio, utamwandikisha nani? Na Hadado tuliwapoteza nusu yao kwa sababu ya chuma cha shilingi 1,800. Fedha iliyookolewa pale iko wapi? Maiki imekwenda, nauli ya watu saba imekwenda, na wanachama ambao wangeandikishwa jioni ile wamekwenda.

Neno la nne: "Maiki ishikwe kwa mkono, mbona wa zamani walishika?"

Mjumbe mmoja alimtaja Hugh Tracey, yule aliyezunguka nchi zetu za Afrika ya Mashariki katika miaka ya 1950 akirekodi nyimbo za vijijini. Ni kweli, alikuwa na desturi ya kuishika maiki kwa mkono wake mwenyewe, akiisogeza kutoka kwa mpigaji huyu kwenda kwa yule. Lakini kazi yake ilikuwa hiyo hiyo, na santuri ya siku zile upande mmoja ulibeba dakika tatu hivi. Kijana wetu anatakiwa ashike saa mbili, amepiga magoti mchangani mbele ya mzee, na jasho linamwingia machoni. Mkono wa binadamu huchoka na kushuka. Maiki iliyokuwa sentimita 15 kutoka kwenye nyuzi ikirudi nyuma mpaka 30, nguvu ya sauti inayoifikia hubaki robo. Fundi wa miksa anaona sauti imekufa, anaongeza, kijana anajirekebisha na kusogea mbele, spika inapiga mluzi, watu wanaziba masikio. Kisha nani atalaumiwa? Kijana.

Stendi ni mkono usiochoka. Imenunuliwa ili mtu asifanywe mti.

NAMNA YA KUCHAGUA

Hatutaki kulalamika tu. Tangu tuliporudi tumeuliza mafundi, na tumejaribu wenyewe nyuma ya stoo. Haya ndiyo tuliyoyapata, na tawi lolote litakalonunua lisome kabla ya kutoa fedha.

Stendi ya nguzo moja na kitako cha chuma ni ya mtu anayesimama. Ni nzuri juu ya sakafu. Usiifungie mkono mrefu ila kitako kiwe kizito kweli.

Stendi ya miguu mitatu yenye mkono ni ya gitaa, udi na kila chombo ambacho mpigaji wake anahitaji nafasi mbele ya magoti. Angalia viungo vyake: vikiwa vya plastiki vitapasuka kwenye meno ya skrubu kabla ya mwaka. Nyoosha mkono wake dukani pale pale, tundika kitu cha nusu kilo kwenye ncha, ukae nao dakika kumi. Ukishuka wenyewe, mrudishie mwenye duka.

Stendi fupi, isiyofika magotini, ni ya ngoma kubwa iliyolala na ya spika ya gitaa. Haina pa kuangukia. Ni ya bei nafuu kuliko ndefu ya namna yake, na ajabu ni kwamba ndiyo inayosahauliwa. Kama tungekuwa nayo Hadado, yule mzee aliyekaa mkekani asingehitaji mkono wa sentimita 75.

Kibano hufungwa kwenye ukingo wa ngoma, kikashika maiki ndogo. Hakihitaji nafasi chini wala hakiogopi upepo. Lakini kiwe na mpira katikati, ama kila kofi la mkono kwenye ngozi litaingia katika maiki kama nyundo.

Tena angalia skrubu ya juu. Ziko za namna mbili zinazotumika sana: ya thumuni tatu za inchi na ya thumuni tano. Kishikizo cha maiki kikiwa cha namna moja na stendi ya namna nyingine, havitashikana. Kiko kipande kidogo cha shaba cha kuviunganisha, na bei yake ni ndogo. Nunua vinne, kwa kuwa hupotea.

NAMNA YA KUTUMIA

Kwanza, mguu mmoja uelekee kule mkono unakoelekea. Sasa mmeijua hesabu yake.

Pili, uzito uwekwe chini. Mchanga hauna bei, na Hadado uko wa kutosha. Chukua magunia matupu, yajaze huko huko mwendako. Yakae karibu na nguzo, yasining'inie kwenye ncha za miguu myepesi yakaivunja. Mahali penye mchanga laini, weka kipande cha ubao chini ya kila mguu. Hii ni kazi yetu ya kila siku: reli haikai juu ya udongo, hukaa juu ya mataruma, na mataruma juu ya kokoto.

Tatu, ukifunga mkono kwenye nguzo, uelekeze upande ambao uzito wake unaikaza skrubu. Ukiuweka upande wa pili, uzito huo huo utaifungua polepole mbele ya macho ya watu.

Nne, waya wa maiki uzungushwe kwenye nguzo, na chini kwenye mguu uachiwe kitanzi kilicholegea. Mtoto akijikwaa, avute kitanzi, asivute stendi.

Tano, viungo visipakwe grisi mahali penye vumbi. Grisi na mchanga pamoja ni msasa. Futa kwa kitambaa kikavu.

Sita, mahali pa kuelekeza. Gitaa: shubiri moja kutoka pale shingo inapokutana na mwili. Udi: shubiri moja hivi, kati ya tundu na daraja la nyuzi. Usielekeze katikati ya tundu, utapata mvumo mzito unaofunika nyuzi. Ngoma: vidole vinne juu ya ukingo, maiki ikitazama katikati ya ngozi. Maiki mbili zisikaribiane: kama hii iko shubiri moja kutoka kwenye chombo chake, ile ya jirani iwe mbali nayo shubiri tatu au zaidi. Na maiki isitazamane na spika. Kisha mwombe mpigaji apige, usogeze kidogo, usikilize. Sikio la mpigaji mwenyewe ndilo fundi mkuu, kwa maana ndiye anayejua chombo chake kinavyolia.

TUNALOTAKA

Ndugu, hatukuja na malalamiko yasiyo na mwisho. Tunalotaka ni hili:

1. Deni la shilingi 15,000 lifutwe lote, na zile zilizokwisha katwa zirudishwe.

2. Tawi linunue stendi mbili za miguu mitatu zenye viungo vya chuma, stendi fupi moja, na kibano kimoja cha ngoma. Kama fedha hazitoshi mwaka huu, ianze stendi fupi.

3. Watakaotumia chombo wawepo siku ya kukinunua. Mpiga ngoma aende dukani pamoja na mweka hazina. Chombo kisichagulie mtu asiyekishika.

4. Kanuni ya tawi iandikwe na kusomwa: hakuna mwanachama atakayelipishwa chombo cha chama ila ikithibitika mbele ya mkutano kwamba alikiharibu kwa kusudi.

5. Tawi limpelekee salamu na shukrani yule mzee mpiga udi wa Hadado, na kumwomba radhi.

Wako watakaosema jambo hili ni dogo, vyuma vya maiki tu, na chama kina mambo makubwa. Twawajibu: Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 41, inampa kila mfanya kazi haki ya kutendewa kazini kwa uadilifu, na haki ya kuunda chama na kuingia chama. Haki hizo mbili zimeandikwa pamoja. Mtu akiona chama kinamtendea isivyo haki kwa jambo dogo, ataamini vipi kwamba kitamtetea kwa jambo kubwa? Wale walimu na wapakiaji wa Hadado walitutazama siku ile. Hawakutazama hotuba zetu tu. Walitazama pia tunavyotendeana sisi kwa sisi.

Mzee wetu wa gangi ametuma neno tena. Anasema wenyeji wanauliza bendi itarudi lini, na kina mama wamesema safari hii wataleta ngoma mbili. Ameuliza pia kama yule mpiga ngoma wetu atakuwapo, kwa sababu walimpenda. Tulimpelekea mpiga ngoma salamu hizo. Alinyamaza, kisha akasema, "Mwambieni mzee nitakuja nikimaliza kulipa upepo."

Kikao cha tawi ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Sisi tutakuwapo, na ile stendi ya 1,800 tutakuja nayo. Tutaisimamisha mbele ya meza ya kamati, mkono umenyooka katikati ya miguu miwili, na maiki iliyovunjika kwenye ncha. Mjumbe yeyote aliyetia sahihi ile barua aje aipulize.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Wenu katika kazi,
Sisi wa Gangi ya Njia, na wapigaji wa bendi ya tawi